Benchi la Nyuma

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua imeanza na harufu imetushukia. Popo wanaoishi kati ya mabati na dari ya kanisa letu hawana neno wakati wa jua, lakini mvua ya kwanza ikikilowesha kinyesi chao, hata sala unaisali umeziba pua. Mimi ndiye ninayefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, kwa hiyo uvundo huu naujua vizuri. Unaingia kwenye nyuzi. Leo nimekifua kitambaa cha meza, nikakianika, nikakifua tena, na bado kinanuka mkojo.

Daftari hili nimelianza kwa sababu mbili. Kwanza, Mchungaji ameniomba niandike ukurasa wa akina mama katika kitabu cha historia ya kanisa. Mwezi ujao jengo linatimiza miaka sitini, kuna jubilii, na Askofu anakuja. Pili, nahitaji mahali pa kutemea mate. Kibandani kwangu ninaposhonea siwezi kutema, wateja wataona.

Jumatano, 8 Oktoba

Kikao cha kamati ya jubilii. Nilisema jambo moja tu: tuitoe ile dari, tuwatoe popo, tuoshe. Dari yenyewe haikuwepo jengo lilipojengwa. Iliwekwa na Mwenyekiti wa kamati mwaka alioozesha binti yake, ili picha zipendeze.

Mwenyekiti akasikiliza huku akikuna sikio kwa ufunguo wa gari. Kisha akapendekeza tununue manukato ya kupuliza, ya waridi, yapulizwe kabla ya kila ibada. Kamati ikakubali. Mchungaji naye akakubali, na yeye ndiye anayepiga chafya akinusa hata poda ya mtoto.

"Asante kwa mchango wako, Fundi," Mwenyekiti akaniambia. "Tuendelee na ajenda."

Kanisani kwetu watu wote ni kaka na dada. Hata mgeni wa siku moja anaitwa dada. Mwenyekiti peke yake ndiye huniita Fundi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Nimeshona sare za kwaya kutwa nzima. Wamechagua zambarau inayomfanya kila mtu aonekane anaumwa ini.

Jumapili, 12 Oktoba

Waridi juu ya mkojo wa popo. Kila harufu peke yake ningeivumilia, lakini zikichanganyika nahisi nimeramba choo cha hoteli. Mama hakuwa na shida, maana yeye hukaa karibu na mlango.

Heri niliandike hili wazi, kwa kuwa kwenye kitabu chao najua halitaandikwa.

Mama alikuwa msichana wa kwaya jengo lilipokuwa likijengwa. Wanaume walichonga mawe, wasichana wakabeba mchanga na maji kutoka mtoni. Aliyesimamia kazi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye mke na watoto, na watu wote walimwita Msimamizi. Kuta zilipofika madirishani, mama alikuwa na mimba yangu. Mimi na jengo hili tuna umri mmoja, na sote wawili tulisimamiwa na mtu yuleyule.

Kanuni ya wakati huo ilikuwa kwamba msichana akipata mimba nje ya ndoa anatengwa. Haendi kwenye Meza ya Bwana, haimbi, anakaa nyuma peke yake, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu wote na kuomba msamaha. Akifa kabla ya siku hiyo, jeneza lake haliingii kanisani. Linawekwa uani, katekista anasoma sala fupi, na kengele haipigwi. Benchi la kukalia hao waliotengwa lilitengenezwa kwa mbao zilizobaki za paa, kwa amri ya Msimamizi mwenyewe. Siku Askofu wa enzi hizo alipolizindua jengo, mama yangu alilizindua benchi.

Walimwambia asimame aombe msamaha. Akawajibu kwamba atasimama siku Msimamizi atakaposimama pamoja naye. Jibu lake ni hilo hadi leo. Msimamizi hakusimama. Alikaa safu ya mbele, akala mkate na kunywa divai, akazeeka vizuri, akazikwa kwa kengele. Wasichana wengine walikaa benchi la nyuma mwezi, miezi, wakaomba msamaha, wakarudi mbele. Kanuni yenyewe ikachakaa. Hakuna aliyeifuta, watu waliacha tu kuitumia, na benchi likabaki na mtu mmoja.

Kila Jumapili mama yuko pale. Mimi nimekulia pale, nikilala mapajani mwake, nikitazama migongo ya waumini. Mwisho wa kulia wa benchi umelainika na kung'aa kwa kukaliwa, na ukingoni pana tundu la fundo la mbao. Mahubiri yakirefuka, mama hutia kidole chake cha shahada ndani ya tundu hilo na kukizungusha taratibu.

Mwenyekiti ni mtoto wa Msimamizi. Pua yake ni pua yangu. Sikuachiwa kitu kingine na yule mzee, na pua yenyewe inanusa kila uozo.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Vitambaa havikauki. Nimepiga pasi kitu kibichi na kikatoa mvuke wa popo usoni mwangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya usafi. Mwenyekiti alisimama mlangoni na mwavuli akielekeza watu kwa kidole. Nilikuwa mbele nikivua vitambaa, na nilipogeuka nikaona vijana wawili wamelibeba benchi la nyuma wanatoka nalo. Nikauliza linakwenda wapi. Stoo, wakasema. Mwenyekiti ameagiza, ni kuukuu, Askofu asije akaona takataka.

Nilimfuata. Nikamwambia kuna mtu anayelikalia. Akasema watanunua viti vya plastiki vizuri, vyeupe, na kwamba siku hizi kanisa halibagui watu kwa viti. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Mate yalinijaa mdomoni nikayameza, maana tulikuwa ndani ya kanisa.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikumwambia mama mapema. Nilitumaini nini, sijui.

Alifika na fimbo yake, akasimama mbele ya kile kiti cheupe, akakitazama. Akauliza, "Limekwenda wapi?" Mpokea wageni, binti mchangamfu asiyejua lolote, akamwambia, "Bibi, karibu ukae popote, hata mbele. Siku hizi tumeendelea."

Mama akageuka akatoka. Akasimama nje chini ya ukingo wa paa, amelipa kanisa ubavu, na mvua ikimrukia miguuni. Nikaenda kusimama naye. Nilimsihi turudi nyumbani, hakutaka. Nilimsihi aingie, hakutaka. Alisema ndani hakuna mahali pake, na nyumbani hakuna ibada. Maji ya paa letu si maji, ni mchuzi wa popo, na yalitudondokea mpaka wimbo wa mwisho. Watu wakatoka wakatusalimia kwa mikono na kutuuliza kwa nini tumechelewa.

Nimewajua watu hawa tangu nizaliwe. Nimewashonea nguo za ubatizo, za harusi na za kuzikiwa. Leo nilitazama mikono waliyotupa, nikaenda kunawa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mchungaji alikuja kumwona mama. Ni kijana mwema. Wema wake ni wa kumwagia maji kila moto hata ule wa jikoni. Alikunywa chai, akasifu vitambaa, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akatoa lililomleta. Alisema mambo ya zamani yamepitwa na wakati, na kwamba mama akipenda, aje siku yoyote katikati ya wiki kwenye chumba cha mavazi. Atamwombea, atampa mkate na divai, yaishe. Hakuna haja ya mtu mwingine kujua.

Mama aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nilitolewa mbele za watu. Sirudishwi chumbani."

Mchungaji akauliza sasa anataka nini. Mama akasema hataki kitu kikubwa. Anataka aende pale mbele mchana kweupe, wale wote waliompa mgongo wamwone uso, na asimwombe mtu msamaha wa kosa la watu wawili. Na akifa, apitie mlango mkubwa.

Mchungaji akasema atalitafakari. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliniambia angekuwa peke yake angeshamaliza jambo hili, ila Mwenyekiti ni mtu mzito, na jubilii imefika. Nilitaka kumwuliza huo uchungaji anamchunga nani. Nilimwambia tu aangalie tope.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilipeleka ukurasa wangu wa akina mama. Niliandika majina ya utani ya wasichana wote waliobeba maji, nani aliimba sauti gani, nani alivunjika mguu kwenye ngazi ya kupandishia mchanga. Niliandika pia ukuta wa kusini kwa nini umevimba: msingi ulichimbwa wakati wa mvua kwa sababu Msimamizi alitaka sifa ya kumaliza haraka, ndiyo maana baadaye ikabidi ujengwe mguu wa mawe wa kuuegemeza. Na niliandika sentensi moja kuhusu benchi la nyuma, lilitengenezwa na nani na kwa ajili ya nani.

Leo nimerudishiwa. Msimamizi amepewa kurasa tatu na picha kubwa. Sura ya jengo, paa, kengele, vyote vimetoka kichwani mwake, mtu angedhani alilizaa kanisa tumboni. Ukurasa wangu umekuwa mstari mmoja chini ya picha ya kwaya: Akina mama nao walibeba maji.

Alhamisi, 30 Oktoba

Dari imeanguka.

Ilikuwa saa za alasiri, kwaya wakifanya mazoezi. Nilikuwa upande wa chumba cha mavazi nikikunja mashuka ya meza. Nikasikia kitu kikilia juu, mlio mrefu wa gunia linalochanika, kisha kishindo. Nilipotoka, ubao mzima wa dari juu ya madhabahu ulikuwa umeshuka na mzigo wake wote. Miaka yote ya kinyesi cha popo, kilicholowa, kimelala juu ya ile ngazi ya mbao tunayopigia magoti wakati wa Ushirika. Kilikuwa rundo jeusi linalotembea, maana ndani yake kulikuwa na funza na mende, na katikati vitoto vya popo visivyo na manyoya vikifungua midomo. Popo wakubwa walikuwa wakizunguka hewani juu ya zile sare za zambarau. Kwaya walikimbia nje wakipigana vikumbo. Mwalimu wa kwaya alitapika kwenye chombo cha maua.

Nami nilitapika, lakini nje. Kisha nikachukua koleo.

Tulichota mpaka giza likakaribia. Tulikuwa wanawake watano na Mchungaji aliyefunga taulo usoni. Ile ngazi ya kupigia magoti ilikuwa imeoza kabisa kwa mkojo uliokuwa ukidondoka kidogo kidogo bila sisi kujua. Niliigusa kwa koleo ikamomonyoka. Tulikuwa tukipiga magoti hapo kila mwezi, tumefumba macho.

Mwenyekiti alikuja mwishoni na gari. Hakushuka. Aliteremsha kioo akauliza kama madhabahu imepona.

Jumapili, 2 Novemba

Ibada uani, chini ya turubai. Mama alifurahi, kwa vile nje watu wote wako nje. Alikaa juu ya jiwe.

Mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba familia yake itatoa zawadi kwa jubilii: benchi jipya la kupigia magoti mbele ya madhabahu, kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake. Alisema hataki mbao hizi za siku hizi zinazopinda. Atamwambia seremala atafute mbao ngumu, kongwe, za heshima ya mzee. Litawekwa kibao cha shaba, na Askofu ataliweka wakfu. Makofi yakapigwa. Niliangalia mikono yangu, bado ina madoa meusi kwenye kucha.

Jumatano, 5 Novemba

Mama anakohoa. Ni ile Jumapili ya chini ya paa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mganga wa zahanati amemsikiliza mama kifua, akaniita pembeni. Mapafu yamejaa. Dawa zipo, ila kwa umri wake nisijidanganye. Mama aliporudi kitandani aliniuliza swali moja tu, kama wataingiza jeneza. Nikamwambia ataingia. Akaniambia, "Usinidanganye. Kaulize."

Nikaenda kuuliza. Mchungaji alinituma kwa Mwenyekiti, eti mambo ya kanuni yanapita kwa wazee wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa ofisini kwake anakula ndizi. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia mama anaumwa, na akifa nataka apitie mlango mkubwa na kengele ipigwe.

Akaifuta midomo. Akasema anasikitika sana. Akasema yeye binafsi hana kinyongo. Lakini kanuni haijafutwa popote, na tukianza kumwingiza huyu bila toba ya hadharani, kesho atakuja yule. "Tumtakie apone, Fundi," akasema. "Na kama atataka kusimama akaomba msamaha kabla ya jubilii, mimi mwenyewe nitampa mkono."

Ganda la ndizi lilikuwa juu ya meza, na alikuwa akilikunja kunja kwa kidole gumba. Nilimwangalia ile pua ikipumua. Nilihisi nataka kuing'oa yangu nimrudishie.

Jumatano, 12 Novemba

Uji kidogo. Kikohozi. Mvua.

Jumamosi, 15 Novemba

Seremala amekuja kibandani kwangu na mkokoteni. Mwenyekiti amemtuma aniletee lile benchi la kupigia magoti nilishonee mto wa sponji na kitambaa chekundu.

Huyu seremala si wa kanisa letu, na si wa mji huu. Ni mtu wa maneno mengi, hata misumari akiitia mdomoni anaendelea kuongea. Alinieleza bila kuulizwa kwamba mbao ngumu hazipatikani, magari ya mbao yamekwama njiani kwa tope, na Mwenyekiti kila siku anampigia simu anamtukana. Juzi akaenda kupima pale kanisani, akapekua stoo, akaona kitu kimelala chini ya viti vibovu. Mbao ya kweli kweli, alisema, ya paa la zamani, haijaguswa na mchwa. Akakata miguu ikawa mifupi, akapiga randa juu na mbele. Alimwuliza Mwenyekiti kwa simu kama atumie mbao za zamani zilizoko stoo. Mwenyekiti akamjibu atumie chochote kile, bora kiwe kigumu na kiishe.

Nikaligeuza benchi. Randa ilikuwa imepita kote isipokuwa mwisho wa kulia. Seremala akasema hapo aliona hapahitaji randa, pamelainika penyewe, sijui kwa nini. Ukingoni palikuwa na tundu la fundo. Nikatia kidole.

Seremala aliendelea kuzungumza juu ya gundi. Nilikaa juu ya kigoda nikacheka mpaka akaniuliza kama naumwa. Hakuna raha katika kicheko kile. Mtoto anamjengea baba yake kumbukumbu kwa benchi la baba yake, na hajui, kwa sababu hajawahi kuligeuzia macho kwa muda wa kulijua.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilimwambia mama benchi lake limegeuzwa nini.

Nilikuwa nimefikiri vya kutosha. Nilikuwa tayari kwenda kusimama katikati ya jubilii na kupiga kelele, nimwaibishe Mwenyekiti na kibao chake cha shaba mbele ya Askofu. Nilimweleza mama hivyo. Alikuwa ameegemea mito, macho yameingia ndani. Akayafumba, nikadhani amelala.

"Wewe usiseme kitu," akaniambia. "Ningetaka kelele ningepiga mwenyewe, mdomo ninao." Baada ya kitambo akaongeza, "Na upande wangu usiuwekee sponji."

Kisha akaomba uji, akaumaliza.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepeleka benchi. Kanisa limeoshwa, dari yote imetolewa, na kwa mara ya kwanza tangu ile harusi ya binti wa Mwenyekiti naona paa kutoka ndani, mbao nene zilizovukana, kazi nzuri. Popo wamehamia mnarani. Harufu imepungua, haijaisha.

Mwenyekiti alilikagua akaona mto umeishia kabla ya mwisho wa kulia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia sponji imekwisha dukani, magari yamekwama. Akasema inaonekana uzembe. Akapiga misumari midogo ya kibao yeye mwenyewe, akirudi nyuma kukitazama. Chini ya jina la baba yake kimeandikwa: ALIWAANDALIA WENGI MAHALI.

Niliwahi kutoka nje nikatema mate.

Jumapili, 23 Novemba

Mama aliamka kabla yangu. Aliniambia nimpigie pasi gauni jeupe, lile analolitunza kwa ajili ya jeneza. Nilikataa kidogo. Aliniangalia, nikapiga pasi.

Tulikwenda kwa teksi. Mwanzo wa ibada alikaa kwenye kiti cheupe cha plastiki, wima, fimbo mapajani, akizuia kikohozi kwa leso. Askofu ni mzee, magoti yamevimba, anatembea akiyumba. Historia ikasomwa. Kurasa tatu za Msimamizi zikasomwa zote. Kisha Askofu akalipaka mafuta benchi la kupigia magoti, akaliombea, akasema tangu leo ni mali ya Mungu. Mwenyekiti akafuta jicho kwa kidole.

Ushirika ukafika. Mchungaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba, kwa heshima ya zawadi, familia ya marehemu Msimamizi itangulie kwenda mbele.

Mwenyekiti akainuka na mkewe na watoto. Nami nikahisi mkono kwenye kiwiko changu.

"Twende," mama akasema. "Wameita familia."

Njia ya katikati ni ndefu kwa mtu mwenye mapafu ya mama. Tulikwenda taratibu. Mbele, wale bibi waliobeba maji pamoja naye walianza kugeuka, mmoja mmoja, kisha safu nzima. Mchungaji alituona, akafungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru kwa uoga wake. Mwenyekiti alikuwa tayari amepiga magoti, amefumba macho. Mkewe alituona akasogea. Nikapiga magoti kwenye nafasi iliyopatikana karibu na Mwenyekiti, na mwisho wa kulia, pasipo na sponji, pakabaki wazi.

Mama hakupiga magoti. Aligeuka, akajishusha kwa fimbo, akaketi. Aliketi mahali pake, mgongo kwa madhabahu, uso kwa watu. Mkono wake wa kulia ukashuka ukingoni, na kidole kikaingia kwenye tundu.

Nadhani hapo ndipo walipolitambua. Bibi mmoja wa safu ya mbele akatia kitenge mdomoni. Mwingine akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwenyekiti akafumbua macho. Akamwona mama, akaona kidole, akafuata ubao kwa macho kutoka kwenye lile tundu mpaka kwenye kibao cha baba yake. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi ikimkwama puani. Hakuweza kuinuka. Askofu alikuwa amekwisha kusimama mbele yake, mkate mkononi.

Askofu akampa yeye, akanipa mimi, akamfikia mama. Aliona kikongwe mgonjwa aliyeshindwa kupiga magoti. Akazunguka mbele, akainama na magoti yake mabovu, akamwekea mkate kiganjani. Mama akawatazama waumini wote, safu kwa safu, bila haraka. Ndipo akasema Amina, akala.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua imekatika. Vitambaa vimekauka kwa siku moja.

Mwenyekiti alikuja asubuhi kibandani, bila gari. Alisimama mlangoni na tope kwenye viatu. Seremala amemweleza yote, na mji mzima umemweleza yaliyobaki. Alitaka kujua kama ninaweza kuzungumza na mama ili aombe mwenyewe benchi liondolewe kimya kimya. Nikamwuliza kwa nini asiliondoe mwenyewe. Akasema kitu kilichowekwa wakfu hakiondolewi bila kibali cha Askofu, na Askofu atataka kuelezwa sababu.

"Basi mweleze," nikamwambia.

Akageuza geuza funguo. Halafu akasema, "Dada, tusaidiane."

Neno hilo nimelingoja tangu utotoni. Lilipotoka, lilininukia kama ile dari siku ilipoanguka. Nilimwambia akitaka kuingia afute viatu. Hakuingia.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mganga anasema kifua hakijaisha, na mimi sijidanganyi. Lakini Mchungaji alipita jana kusema kwamba mtu aliyelishwa na Askofu mbele ya kanisa zima hawezi kuitwa ametengwa, na kwamba ameshamwambia mpiga kengele. Mama alimjibu asimharakishe.

Tangu Jumapili hakuwa amesema neno juu ya ule mkate, nami sikuwa nimemwuliza. Leo, nilipokuwa nikimfunga shuka miguuni, alianza mwenyewe.

"Halafu hauna ladha," akasema. "Nilikuwa nimesahau kabisa."